Nyuki Wangapi? Mmoja!

Kambini,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mjomba Damas,

Shikamoo. Bibi Apolinaria naye mpe shikamoo yangu, mwambie mjukuu wake bado ana miguu miwili. Mama Kulwa namsalimu sana, na pacha wake wasigombanie kitanda changu, narudi mwezi wa nane. Mimi ni mzima, isipokuwa shingo, magoti, na malengelenge manne ambayo nimeyapa majina ya maafande.

Simu zetu walizikusanya siku ya kwanza wakazitia kwenye gunia la viazi, kwa hiyo nakuandikia kama watu wa zamani. Afande wa ofisini anasema barua zinapelekwa posta kila Jumatatu. Simwamini, ila sina mwingine. Nimeandika sanduku la parokia, katekista Festo atakuletea.

Sasa nikupe habari za hapa. Jina la ubatizo unaliacha getini pamoja na simu. Wote tunaitwa kuruta, halafu kila kuruta anapewa jina lake na mkufunzi wetu, Sajini Abasi, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Mimi nilifika na lile begi la magurudumu ulilonunua Kaliua. Likakwama mchangani mbele ya geti, nikawa navuta, linagoma. Akanitazama kwa utulivu kabisa, kisha akapaza sauti: "Jamani, mgeni rasmi amefika! Muulizeni kama amekunywa chai!" Tangu siku hiyo mimi ni Mgeni Rasmi. Kuna mrefu mmoja wa Nzega anaitwa Mnara. Anayesinzia darasani ni Kiporo. Wasichana wanaotembea polepole wote ni Bibi Harusi. Ukilia wewe ni Mayai, ukiugua wewe ni Mgonjwa wa Kujitolea. Na akikasirika sana anakuita "raia", analitamka kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Nilitaka kumkumbusha kwamba mama yake mzazi ni raia, nikayaonea huruma magoti yangu.

Siku ya tatu aliniuliza kabila. Nikasema Mnyamwezi. Mjomba, alifurahi! Kumbe yeye ni Mzaramo wa Kisarawe. "Ndiyo maana! Babu zako walibeba pembe za ndovu toka huku mpaka Bagamoyo kwa miguu, wewe ndoo moja ya maji inakupinda shingo!" Mimi nikaona nimepata mtani. Si unakumbuka Bibi alivyokuwa akiwachamba Wazaramo kwenye misiba mpaka wafiwa wanacheka? Nikamjibu papo hapo: "Na babu zako walikaa pwani wakisubiri tuwaletee, mpaka leo wanasubiri!" Kombania nzima ikaangua kicheko. Kisha nikaruka kichura kutoka uwanja wa gwaride mpaka jikoni na kurudi, mara mbili, na safari hiyo wakanicheka mimi.

Lakini jina baya kuliko yote ni lako. Usikasirike, cheka kwanza. Kuruta akishindwa kabisa, akiwaacha wenzake, hapa haitwi Mayai tena, anaitwa Damas. "Huyu ni Damas!" Basi ameisha. Hata alfajiri kwenye mchakamchaka tunaliimba, afande anauliza na sisi tunaitika:

Damas! – Kakimbia!
Nyuki wangapi? – Mmoja!
Kamwacha nani? – Mwenzake!

Wanasema aliwahi kuwepo kuruta wa jina hilo, zamani, akakimbizwa na nyuki mmoja mpaka kwao. Mimi nikikuwaza wewe na jembe lako begani nacheka mpaka napoteza hatua. Sijui alitokea wapi mwanamume huyo, lakini amekuharibia jina mkoa mzima.

Gwaride la kufunga mafunzo ni Jumamosi tarehe 24 Agosti. Wazazi wanaalikwa. Tangu mama afariki mzazi wangu ni wewe, kwa hiyo niambie mapema kama utakuja, nijue.

Mpwa wako,
Gaudensia


Usinge,
24 Juni 2024

Mpwa wangu Gaudensia,

Marahaba. Barua imefika, Festo aliileta baada ya misa. Bibi yako hajambo, anasema upake mafuta ya nyonyo kwenye malengelenge na uache kuyapa majina. Kulwa ana tetekuwanga, Doto anajikuna kwa kumwonea wivu. Tumbaku tumemaliza kuipanga madaraja na mgongo wangu haunyooki. Mvua zimekwisha kabisa, tunakunywa vumbi.

Hilo la kujibizana na afande lilikuwa ujinga. Utani unataka watu wawili. Huyo ana amri na wewe una magoti, sasa hapo utani mnautolea wapi? Bibi yako aliwachamba Wazaramo kwa sababu nao waliruhusiwa kumchamba. Huyo bwana anataka raha ya mtani bila kulipa ushuru wake. Akikuita Mgeni Rasmi, itika, chukua chakula chako, kalale.

Kuhusu mwezi wa nane, ni mbali. Kuna bani la kukaushia tumbaku linalotaka kujengwa upya na mimi ndiye fundi na kibarua wake. Tutaona Mungu akipenda.

Kula ugali wote, hata ukiwa mbichi. Na hizo nyimbo za asubuhi usiziimbe kwa nguvu sana, zinaharibu koo.

Mjomba wako,
Damas Kasanda


Kambini,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole na mgongo, poleni na tetekuwanga. Mwambie Doto aendelee kujikuna, huenda akapata kweli. Huku baridi ya alfajiri inakata masikio na ugali bado ni mbichi, lakini nimezoea. Malengelenge yamekuwa sugu.

Nina habari njema. Mimi si kuruta wa hivihivi tena. Sajini Abasi amenifanya kiongozi wa hanga letu, hanga ndilo bweni, wasichana sitini. Na unajua amenipa kwa nini? Kwa ule ulimi uliousema ni ujinga. Alisema, "Mgeni Rasmi ana mdomo, tuutumie." Siku hizi nikiwa mbele yao naona jinsi kazi ilivyo rahisi. Unamtazama mtu, unaona kile anachokificha, unakitaja kwa sauti. Basi. Yule anayejipaka losheni kwa siri sasa anaitwa Duka la Urembo. Yule anayesali kila dakika nimemwita Kengele. Afande anacheka pembeni, ananiachia.

Ila kazi yangu bora ni Consolatha. Ni binti mmoja wa Mpanda, mwembamba, anaongea kwa kunong'ona kama yuko kwenye maungamo. Wiki iliyopita tulivuka korongo juu ya gogo. Watu wote wamepita. Yeye akafika katikati, akakaa. Akalikumbatia lile gogo kama mama yake! Tulikuwa tumeshavuka, tunamsubiri, jua linachoma, chakula kinapoa. Nikapiga kelele kutoka ng'ambo: "Wewe Damas, nyuki wangapi?" Mjomba, watu walianguka chini kwa kucheka. "Mmoja!" wakaitika wote. Akashuka peke yake kwa kutambaa, magoti yanatoka damu. Tangu hapo ni Damas. Hata mpishi anamwita Damas. Anakula peke yake mwisho wa meza na mimi hata simwonei huruma, kwa sababu mtu anayekaa katikati ya gogo anawachelewesha sitini.

Hujanijibu kuhusu tarehe 24. Wenzangu wazazi wao wameshathibitisha, mmoja baba yake anatoka Mafinga. Wewe unaniambia bani. Bani na mimi nani mpwa wako?

Gaudensia
(Kiongozi wa Hanga)


Usinge,
4 Agosti 2024

Gaudensia,

Marahaba. Huku wote wazima. Kulwa amepona, Doto alipata kweli kama ulivyomwombea. Bibi yako anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Barua yako niliipata tarehe kumi na tano mwezi uliopita. Usiwalaumu watu wa posta, wala Festo. Nimekaa nayo mwenyewe.

Kwanza nikupongeze kwa cheo. Umejifunza haraka. Wiki tano tu na tayari unajua kumtukana mtu ambaye haruhusiwi kukujibu. Wenzako huko wanachukua miaka na wanavishwa nyota begani kwa elimu hiyo hiyo.

Pili, Damas ni mimi.

Mwaka 2003, kabla hujazaliwa, nilijitolea kwenye kambi hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini. Bibi yako anajua, mama yako alijua, na wote wawili niliwaomba wasiseme. Mkufunzi wetu alikuwa sajini mwingine. Huyo Abasi wako nadhani wakati ule alikuwa bado anakojoa kitandani. Wa kwetu simtaji, ameshakufa, na mimi situkani maiti, ingawa huyu ananijaribu.

Mwezi wa saba tulikuwa kwenye matembezi marefu porini, saa nane mchana, jua la utosi. Tukapita chini ya mti wa mninga wenye mzinga. Sajini akatamani asali. Akauliza nani hapa ni mtoto wa mrina asali, wenzangu wote wakaninyooshea kidole. Nikatazama juu. Mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe, mikato mitatu na msalaba, mali ya mzee wa kijiji cha jirani. Wewe umekulia hapa, sina haja ya kukufundisha. Mtu wa kwetu anaweza kulala njaa chini ya mzinga wa mwenzake na asiuguse. Tena mchana kweupe, bila moshi, ni wazimu. Nikasema, "Afande, huu una mwenyewe." Akawageukia wenzangu akasema, "Damas anaogopa nyuki." Wakacheka kama mlivyocheka nyinyi korongoni.

Akampandisha mwingine. Renatus, mchunga ng'ombe wa Choma, ambaye asali aliijua kwenye chupa tu. Nyuki wakamvaa kule juu, akaanguka. Jicho moja likafa, mkono ukaunga vibaya. Ripoti ikaandikwa na mwenye kalamu. Wiki ileile nikaondoka kambini bila kuaga, nyinyi mkabaki na wimbo.

Sasa unaniuliza kama nitakuja. Nije vipi? Nisimame getini, niwaambie vijana wa zamu niandikeni, naitwa Damas? Kisha nikae kwenye hema nikungoje upite unapiga hatua na wale sitini wako?

Huyo binti wa Mpanda mimi simjui. Lakini nimemfikiria kila siku tangu tarehe kumi na tano.

Mjomba wako


Kambini,
Jumamosi, 10 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Mpe Bibi pole ya kikohozi, Doto pole ya tetekuwanga na ya mdomo wangu. Barua yako imefika haraka ajabu, siku tano, afande wa ofisini alikuwa anakwenda mjini kwa mambo yake.

Naona aibu. Sijui niiandike vipi ionekane ni aibu kweli. Miezi miwili nimekuwa nikikutukana kila alfajiri kwa sauti ya juu kuliko wote, na siku hizi kiongozi ndiye anayeitikisha wimbo. Jana sikuitikisha. Nilisema koo linaniuma. Sajini Abasi akasema, "Mgeni Rasmi leo amekuwa Mgonjwa wa Kujitolea," na mimi kwa mara ya kwanza nikamwona jinsi alivyo, mtu mzima mwenye familia anayeamka saa kumi alfajiri ili akatunge majina ya watoto wa watu.

Nilimfuata Consolatha kwenye meza yake, nikamwita kwa jina lake. Akanitazama. Akasema, kwa sauti yake ileile ya chini, "Kumbe ulikuwa unalijua," akaendelea kula.

Lakini wewe hukukimbia. Ulikataa kuiba. Watu elfu moja na mia mbili hapa wanaimba uongo na mtu pekee aliyekuwa na akili siku ile ndiye anayeimbwa. Mjomba, mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi, yule wa kweli. Nitaiweka sawa. Njoo tu. Kaa hemani, safu yoyote. Nitakutaja na utasimama wakuone.

Nakuomba uje. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa zaidi ya begi.

Gaudensia


Usinge,
17 Agosti 2024

Gaudensia,

Marahaba. Wote wazima, Bibi anakohoa kidogo tu. Bani limesimama, bado kuezeka.

Usiseme kitu chochote kuhusu mimi kwenye hiyo risala. Soma walichokuandikia, ushukuru, ushuke. Nitajitahidi kuja. Lakini usiseme kitu.

Mjomba


Ng'ambo, Tabora mjini,
27 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini Bibi amepona. Mimi nimefikia hapa Ng'ambo kwa Bi Zamda, yule rafiki yake Bibi anayeuza vitenge, anawasalimu wote. Simu nimerudishiwa ikiwa na harufu ya viazi. Nimekupigia mara kumi na moja. Inaita tu. Kwa hiyo tunarudi kwenye karatasi.

Barua yako ya tarehe 17 nimekabidhiwa jana, gwaride limeshapita siku mbili. Afande wa ofisini aliisahau mezani chini ya kikombe. Ina duara la chai juu ya neno "usiseme".

Nilisema, mjomba. Nilisoma risala yote, habari za maji, habari za mabweni kuvuja, shukrani kwa kila mwenye cheo mpaka mwenye mbwa. Kisha nikaikunja karatasi. Nikasema, kambi hii ina jina moja inalolicheka, nalo ni Damas. Nilipolitamka tu wakacheka. Wote elfu moja na mia mbili. Mgeni rasmi naye akacheka, maskini, hajui hata anacheka nini, wakubwa wakiona watu wanacheka na wao wanajiunga. Nikangoja. Nikawaambia Damas ni mjomba wangu, ndiye aliyenilea. Nikawaeleza mti, mzinga, ile alama, na sajini mwenye tamaa ya asali ya watu. Nilisikia bendera inapigapiga. Sajini Abasi alikuwa anatazama viatu vyake. Nilifurahi, siwezi kukuficha, nilijiona mrefu kuliko Mnara.

Kisha nikasema, "Mjomba wangu yuko hapa leo. Namwomba asimame."

Nikatazama hema la wazazi. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wakaanza kugeuka, wanatafuta. Mama mmoja alisimama, kumbe anarekebisha khanga. Na kutoka nyuma kabisa ya kombania mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kakimbia!"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mgeni rasmi alijifuta machozi.

Adhabu niliyopewa haina maana, siku mbili za kuosha masufuria kabla ya kupewa cheti. Masufuria hayacheki. Lakini wewe ulisema utajitahidi. Bani lilikuwa na haraka gani? Nilikutetea mbele ya mkoa mzima, na mtu wa kwanza kunifanya mwongo ni wewe. Wale waliimba miaka ishirini bila kukujua, na siku waliyopewa nafasi ya kukujua ukawathibitishia.

Sitakupigia tena. Ukitaka kusema, andika.

Gaudensia


Usinge,
8 Septemba 2024

Mpwa wangu Gaudensia,

Marahaba, ingawa najua safari hii uliandika shikamoo kwa mazoea. Bibi yako amepona kikohozi, ameanza kugombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima. Kulwa na Doto wanakuulizia. Msalimu sana Bi Zamda.

Nilikuja.

Nilipanda treni Ijumaa, nikafika Tabora, Jumamosi asubuhi nikachukua bodaboda mpaka getini. Nilikuwa nimevaa koti la harusi yangu. Kijana wa zamu akafungua daftari akaniuliza jina. Nikasema Damas. Akatabasamu, akasema, "Mzee, nataka jina la kweli, siyo la utani wa kambi." Alikuwa ameshanipa kalamu. Hapo ndipo spika zilipoanza na sauti yako ikatoka juu ya ukuta. Nikasikia yote. Uliposema nisimame nilikuwa nimesimama tayari, upande wa nje.

Ningeweza kuingia, usidhani geti lilinizuia, au kicheko. Kicheko hicho nakijua tangu wewe hujazaliwa. Kilichonizuia ni ile hadithi. Ilikuwa nzuri mno, nami ndiye niliyekupa, na nilikupa nusu.

Nusu nyingine ni hii. Renatus alipoanguka hakuzimia. Nyuki walikuwa wamemfunika kichwa kizima. Sajini alikimbia wa kwanza, kombania ikamfuata, na mimi nikawafuata. Wale wengine hawakujua la kufanya. Mimi nilijua. Baba alinifundisha tangu nina miaka saba: washa majani makavu, weka mabichi juu, moshi ukitanda mfunike mtu umvute. Blanketi lilikuwa mgongoni kwangu. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Nilikimbia navyo vyote viwili, Gaudensia, mpaka mtoni, nikajitupa majini pamoja na wenzangu.

Renatus akaanza kuita. Hakumwita sajini, hakumwita mama yake. Aliniita mimi, kwa sababu alikuwa ameona watu wakininyooshea kidole, alijua mtoto wa mrina asali ni nani. "Damas! Damas!" Aliita muda mrefu. Kombania nzima ilikuwa mtoni na kila mtu alisikia, na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Nikazamisha kichwa. Nilipokitoa alikuwa bado anaita.

Jina hilo sajini hakulitunga. Aliliokota pale. Kwa hiyo wimbo wenu umekosea idadi ya nyuki, mengine yako sawa.

Usinipe jina zuri tena mbele za watu. Nimelazimika kulirudisha, na limenichosha kuliko lile baya. Cheti chako kitunze mahali pakavu, ni kazi yako mwenyewe.

Renatus yuko hai. Nasikia anauza dawa za mifugo mnadani huko kwao Choma, wilaya ya Igunga. Mara mbili nimefika Igunga kununua ng'ombe wa kulimia, na mara zote mbili nikarudia hapo bila kufika Choma. Sijawahi kumwona tangu siku ile. Mama Kulwa anadhani simpendi mtu yeyote wa Igunga.

Mjomba wako,
Damas


Ng'ambo, Tabora mjini,
14 Septemba 2024

Mjomba Damas,

Shikamoo. Safari hii si ya mazoea. Bi Zamda anamtumia Bibi kitenge, nitakuja nacho. Pacha nimewanunulia ubuyu, usiwaambie, watashinda njiani wananisubiri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikudharau. Ya pili pia, kidogo zaidi, hasa hapo kwenye kiberiti. Ya tatu nilimwona Consolatha amekaa katikati ya gogo. Nilikuwa nimeshavuka, mjomba. Hatua sita zilinitenga naye, nilikuwa na mikono miwili na sina mzigo. Ningerudi nimshike mkono, tungekula chakula kikiwa moto. Nilisimama pale natunga jina. Kwa hiyo siwezi kukusema sana, ingawa nilikuwa nimeshajiandaa kukusema.

Jumamosi tarehe 21 nafika Usinge. Jumatatu tunaondoka wawili, tunakwenda Choma. Usiniambie habari za bani, bani lina miguu? Halikimbii. Sitaki umwandikie wala umtumie mtu, barua tumeandika za kutosha. Utamkuta mnadani, utasimama mbele ya jicho lake moja, na la kusema utajua mwenyewe ukifika. Akikufukuza, tutarudi.

Ukikataa nitakwenda peke yangu. Nitajifanya mteja, nitauliza dawa ya kupe. Na akiniuliza mimi ni mtoto wa nani, nitamjibu.

Mpwa wako,
Gaudensia